Jino Lililokuja na Maziwa

Husnah alikuwa ananawa mikono akale chakula cha mchana simu ya kliniki ilipolia. Ni mwanamke, anazungumza huku anahema: binti yake Estelle, mwanafunzi wa chuo cha Kyambogo, amepigwa kiwiko kwenye mpira wa pete na jino la mbele limeng'oka lote.

"Jino mnalo?"

"Ninalo. Nimelifunga kwenye kitambaa."

Miaka yote aliyotibu meno kwenye kliniki hiyo ya Nakawa, kila aliyepoteza jino kwa ajali alimjia kesho yake au wiki ya pili, mikono mitupu, akatengenezewa la bandia. Kulirudisha jino lenyewe Husnah alikuwa amekusoma chuoni tu. Akafungua kwenye simu yake programu ya madaktari wa meno, ile inayouliza maswali kisha ikapendekeza tiba. Swali la kwanza: jino limehifadhiwa kwenye nini?

"Mama, nunua maziwa baridi ulitumbukize humo. Usilisugue, wala usishike mzizi. Mje sasa hivi."

Walifika kwa bodaboda, Hortense, yule mama, amekumbatia kikombe cha plastiki, Estelle amejiziba mdomo kwa jezi. Husnah akamketisha binti kwenye kiti, akaweka simu chini ya taa.

Hortense akakunja uso. "Daktari, mbona unasoma simu? Kazi huijui?"

"Naijua, mama. Lakini hili ndilo jino la kwanza kunifikia mapema hivi, sitaki kuruka hatua hata moja. Sogea tusome wote."

Akawa anamtafsiria kila swali kutoka Kiingereza, na Hortense anajibu kwa sauti kubwa kama shahidi mahakamani. Limetoka lini? Hata nusu saa haijaisha. Mzizi umevunjika? Husnah akaligeuzageuza jino mbele ya taa. Mzima. Jibu likatokea: lirudishwe. Moyo ukamdunda kwa furaha.

Akampiga Estelle sindano ya ganzi, akalisuuza jino, kisha akalisukuma polepole kwa kidole mpaka likakaa mahali pake. Akalifunga kwenye meno ya jirani kwa waya mwembamba. Estelle akapewa kioo, akajitazama, akacheka kwa pua maana midomo ilikuwa imekufa ganzi.

"Jumapili anaimba kanisani," Hortense akasema. "Simu inasemaje?"

Husnah akapekua juu, akapekua chini. "Haina habari za kuimba. Hilo nalijibu mwenyewe. Aimbe, ila vyakula vigumu awaachie wengine."

Estelle akaimba. Siku chache baadaye Husnah akautibu mzizi kama programu ilivyoelekeza, na wiki ya pili akautoa waya. Akalisukuma jino kwa ncha ya kidole. Halikucheza. Akalisukuma tena, kisha tena, kwa raha tu, mpaka Estelle akamuuliza kama analitaka liwe lake.