Mwanya wa Ndanu

Siku Kilonzo alipoanguka kwenye karakana ya wachongaji kule Majengo, tezo ingali mkononi, mkewe Ndanu alikuwa nyumbani mtaa wa Umoja akianua nguo. Matheka, mchongaji mwenzake, ndiye aliyetumwa. Hakusema kwamba mtu amekufa. Alisema tu, "Mama Kanyiva, twende." Ndanu akamtazama usoni, akaelewa, akaziacha nguo zianguke na kutimua mbio. Mbele ya lango palikuwa na mtaro ambao kila mtu wa nyumba zile aliuruka bila kufikiri. Siku hiyo hakuuruka. Alianguka kifudifudi, mdomo ukagonga ukingo wa saruji, akainuka na kuendelea kukimbia.

Aliyemfuta damu baadaye ni Saado, jirani yake Msomali mwenye duka pale pembeni. Meno mawili ya juu, yale ya mbele kabisa, yalikuwa yamevunjika. Ndanu hakuuliza habari za meno. Mtu nyumba ikimuungulia haulizi kijiko.

Walimzika Kilonzo kwao Mbooni. Saado alituma mchele na sukari, akabaki na Kanyiva, binti mdogo wa marehemu, mpaka msafara uliporudi mjini. Wachongaji walichonga msalaba wa muda kwa zamu, kila mmoja akitaka apitishe patasi yake. Wanawake wa kanisa walimpikia mjane mpaka akawasihi waache. Watu walimtendea mema, na Ndanu aliyaona yote. Lakini hakuweza kuyasema.

Kabla ya hapo alikuwa mwanamke wa kucheka. Meno yake ya mbele yalikuwa yameachana, mwanya ukakaa katikati yake kama mlango ulioachwa wazi kwa mgeni. Kilonzo alipenda kusema kwamba siku ya kwanza alipomwona kanisani, mwanya uliingia kwanza, mwenyewe akafuata. Sasa Ndanu alitembea na ncha ya leso mdomoni. Watu walisema ni huzuni. Nusu yake ilikuwa huzuni. Nusu nyingine ilikuwa vile vigutu viwili vya meno, kimoja kimegeuka cheusi.

Mwaka ulipokaribia kutimia, wazee wa kwao Kilonzo walituma neno: Agosti msalaba wa saruji utasimikwa. Desturi ya kanisa lao ilijulikana. Siku kama hiyo mjane husimama mbele ya watu na kuwashukuru kwa kinywa chake mwenyewe, wala hasemewi na mtu. Ndanu aliitaka sana siku hiyo. Shukrani zilikuwa zimemjaa mpaka kooni. Lakini atasimamaje mbele ya kaburi la Kilonzo akiwashukuru watu huku amejifunika mdomo kama aliyeiba?

"Abaayo," Saado akamwambia, yaani dada yangu, "kesho nafunga duka. Tunaenda kwa daktari wa meno."

"Mama Abukar," Ndanu akamjibu, "mimi naogopa."

"Ogopa ukiwa njiani."

Daktari alikuwa kijana mrefu aitwaye Wekulo, mwenye kliniki ndogo upande wa Shauri Moyo. Ndanu alikaa kwenye kiti, akafungua kinywa, na kuanzia hapo hakuweza kuuliza lolote. Saado akauliza kwa niaba yake, na kwa niaba ya mtaa mzima.

"Hivi vigutu utaving'oa? Atasikia uchungu?"

"Atasikia sindano. Baada ya sindano atasikia navuta tu, hasikii maumivu."

"Ufizi utapona lini?"

"Tuuache utulie wiki kadhaa, maana hupungua ukipona. Tukifanya haraka, meno yatakuja kulegea."

"Hakuna ya kukaa moja kwa moja, yasiyotoka?"

"Yapo, mama. Lakini itabidi niyasage meno mawili mazima ya pembeni ili yabebe yale ya katikati. Yake ni mazima. Mimi nisingependa kuyagusa. Nitamtengenezea ya kuvaa na kuvua."

Saado akafikiri. "Atakula nyama? Usinidanganye, nyama yangu inatoka soko la mbuzi la Kiamaiko, si ya kutafuna kwa mzaha."

"Atakula, akiikata vipande na kutafuna kwa magego. Kung'ata mfupa kwa meno ya mbele, hapana. Muwa pia auage."

"Na dhahabu je?" Saado akavuta mdomo pembeni kuonyesha jino lake lililong'aa. "Mtie moja la dhahabu, awe na heshima."

Ndanu, kinywa wazi na vidole vya daktari ndani, akatikisa kichwa kwa nguvu mpaka Wekulo akacheka.

"Mgonjwa amekataa dhahabu. Tuendelee."

Alipotoa kipande chenye meno ya mfano ya rangi mbalimbali, Ndanu akafunga kinywa na kusema mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alikulia kwenye maji ya kisima cha chumvi, na meno yake yalikuwa na wingu la kahawia tangu utotoni.

"Usiniwekee meupe kama karatasi, daktari. Watu watayaona hayo kabla ya kuniona mimi."

"Si ningeweza kukung'arishia yote yalingane?"

"Hiyo rangi si uchafu. Imo ndani ya jino lenyewe. Yatafutie wenzake."

Wekulo akakubali kwamba rangi ya aina ile haitoki kwa kusugua, akachagua mfano wenye wingu kidogo.

Vigutu viling'olewa, ufizi ukapona. Siku ya majaribio, meno mapya yalikuja yamesimamishwa kwenye nta, kazi ya fundi wa kliniki, Dedan. Yalikuwa mazuri. Yalisimama bega kwa bega, hata uzi haukupita kati yake.

"Mashallah!" Saado akapiga makofi. "Bibi harusi huyo!"

Ndanu akapewa kioo. Akatazama. Machozi yakaanza kumtiririka.

"Yanabana?" Wekulo akauliza upesi.

"Hayabani."

"Yanachoma ufizi?"

"Hapana, daktari. Umefanya vizuri, na Mungu akubariki." Akakiweka kioo mapajani. "Lakini huyu si mimi. Mimi nilikuwa na mwanya."

Saado akajishika kichwa. "Ya Allah! Jirani yangu miaka yote hiyo, nimeuliza hata habari za muwa, nikasahau mwanya!"

Dedan alitoka chumba cha nyuma na aproni yenye vumbi la plasta. Akina mama wengi, alisema, huja wakitaka nafasi zote zizibwe, kwa hiyo alikuwa ameziba bila kuuliza. Angeweza kuyatenganisha, nta ilikuwa bado laini. Lakini kwa kiasi gani? Mwanya mdogo sana ungeonekana kama kosa, na mkubwa sana ungempigisha mluzi.

"Lete picha," Wekulo akasema. "Yoyote uliyocheka."

Nyumbani Ndanu alipindua sanduku. Picha ya harusi, iliyopigwa studio: midomo imefungwa, kwa sababu mpiga picha aliwaambia wasimame kama watu wenye adabu. Picha ya ubatizo wa Kanyiva: imefungwa. Ya kitambulisho: imefungwa. Maisha yake yote alikuwa amecheka, na kila aliposimama mbele ya kamera alifunga mdomo. Akakaa sakafuni katikati ya picha.

Kanyiva akamtazama, kisha akatazama juu ya kabati. "Mama, si kuna wewe wa baba?"

Kilikuwa kichwa cha mpingo chenye sura yake. Kilonzo, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuchonga twiga, alikichonga mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Msimamizi wa karakana alikikataa, akasema watalii hununua vichwa vilivyonyamaza, si vinavyocheka. Kilonzo akakileta nyumbani bila kinyongo, kikakaa juu ya kabati kikicheka na kila aliyeingia. Waliporudi kutoka mazikoni Ndanu alikigeuza kielekee ukutani. Hakuweza kukivumilia.

Sasa alipanda kiti, akakigeuza. Vumbi lilikuwa limeingia mdomoni. Akalifuta kwa ncha ya leso ile ile aliyokuwa akijifunikia. Meno ya mpingo yalikuwa pale, na katikati yake mwanya.

Kesho yake alikibeba kliniki kama mtoto mgongoni, amekifunga kwa leso, na wagonjwa kwenye benchi wakasogea kumpisha mama mwenye mwana. Leso ilipofunguliwa mzee mmoja mwenye shavu lililovimba alicheka mpaka akalia kwa maumivu.

Dedan alichukua kipande cha nta, akakisukuma taratibu kwenye mwanya wa mpingo, akakitoa na kukilinganisha na jino la mpingo la pembeni.

"Ni karibu nusu ya jino, mama. Ndivyo ulivyokuwa?"

Ndanu akapitisha ulimi mahali palipokuwa patupu, akikumbuka.

"Alizidisha kidogo."

"Basi tupunguze?"

Akakitazama kile kichwa, alama za patasi zikionekana bado shavuni, mahali mkono wa Kilonzo ulipopita.

"Hapana. Acha kama alivyouona yeye."

Meno yalipokuwa tayari, maneno ya Ndanu yalitoka yakiteleza. Daktari alikuwa amemwonya: ulimi ni mgeni, asome kwa sauti mpaka uzoee nyumba. Kwa hiyo Ndanu alisoma Zaburi dukani kwa Saado, baina ya magunia ya unga, na Saado, Mwislamu wa kuswali kila swala, akawa mkaguzi wake.

"Rudia hapo. Umesema 'Bwana ni mthungaji.'"

"Mchungaji."

"Ehe! Huyo sasa ndiye Bwana ninayemjua."

Na hapo, kati ya unga na mafuta ya taa, Ndanu akacheka. Sauti ikafika nyumba ya tatu. Mtu fulani huko akafungua dirisha.

Agosti, Mbooni, alisimama kando ya msalaba mpya bila leso mdomoni. Aliwashukuru wazee. Akamshukuru Matheka, aliyebeba habari nzito ambayo hakuna aliyetaka kuibeba. Akawashukuru wachongaji kwa patasi zao, na wanawake wa kanisa kwa sufuria zao. Akamshukuru daktari na fundi wake, ambao hawakuwapo. Mwisho akamwita Saado, aliyekuwa amesafiri nao na kusimama nyuma kabisa na shungi lake kubwa.

"Huyu," akasema, "alipoona siwezi kusema, aliniazima kinywa chake. Leo namrudishia."

Saado alijifunika uso kwa shungi. Mama yake Kilonzo, mzee ambaye macho yake hayakuona vizuri tena, alimsogelea Ndanu, akamshika kidevu na kumgeuza kwenye mwanga. Akatazama kwa muda.

"Ni yeye," akawaambia waliokuwa karibu. "Ni yule yule aliyeletwa na mwanangu."

Siku hizi, jioni chakula kikiisha, Ndanu huyavua meno, huyapiga mswaki kwa sabuni na maji baridi, na kuyalaza katika maji ndani ya kikombe cha bati alichokuwa akinywea Kilonzo. Kichwa cha mpingo kiko juu ya kabati, kimeelekea mlangoni.