Pumzi Baada ya Mgonjwa

Yudith alipoona jina lake kwenye orodha ya mbegu, hakufurahi. Aliguna.

Tangu ushirika wa wakulima ufe na mbegu iwe mali ya wachuuzi wenye malori wa soko la Kibaigwa, kanisa lao la Majengo lilikuwa na stoo yake ya mtama, na yeye, mjane kwa mwaka wa tisa sasa, ndiye mshika funguo. Mwaka huu mtama ulikuwa haba, mvua imeshaanza kunukia, na ugawaji umeingizwa kwenye kompyuta na Cornel, fundi kutoka Dar es Salaam.

"Cornel mwanangu, mimi nina shamba wapi? Nina kopo la mchicha dirishani!"

"Mama, mashine haikosei. Shukuru Mungu, chukua."

"Nimshukuru Mungu kwa fungu la mwenzangu?"

Yudith akateremsha kidole kwenye orodha. Ritha, mjane mwenye kilabu cha pombe, yumo. Wajane wa mjini wasio na shamba, wote wamo. Angelina wa Buigiri, mjane mwenye ekari mbili na watoto wanne, kafikiwa mbegu imeshakwisha.

"Hebu nisomee sharti kama ulivyoliandika."

Cornel akasoma kwa mkupuo: "Mjane au mgonjwa na ana shamba."

"Umesoma bila pumzi! Kamati ya kanisa ilisema: mjane au mgonjwa..." Akatua, kama atuavyo kila Jumapili akisoma somo. "...na awe na shamba. Shamba wanadaiwa wote wawili. Wewe umemdai mgonjwa peke yake, mjane ukampitisha bila shamba."

Cornel akajishika kichwa. "Lo! Mashine huunganisha maneno ya NA kwanza, ndipo ya AU. Haijui pumzi, mama."

"Basi ifundishe."

"Ni mabano tu."

"Na mbegu iliyokwisha kugawiwa humo?"

"Sijabonyeza kuthibitisha, bado ni hesabu tu ya kompyuta. Nikibonyeza rudisha, hesabu ya stoo na orodha vinarudi pamoja, kama havikuguswa."

"Rudisha!"

Cornel akarudisha, kisha akawazungushia mjane na mgonjwa mabano, NA ikabaki nje. Printa ikakwaruza. Yudith alilitafuta kwanza jina lake. Halimo.

"Haleluya!"

"Sijaona mtu anashangilia kukatwa," Cornel akacheka.

"Tazama wa saba, ndipo ucheke."

Wa saba alikuwa Angelina.

Alhamisi, wingu likiwa zito, Angelina alitoka stoo na debe la mtama kichwani. Aliyemtwika ni Yudith, na vigelegele vyake vilisikika hadi sokoni.