Kasuku na Sauti ya Pili

Mama Antena, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliapa bombani mbele ya wenye ndoo zao kwamba Pili amerudi. Alimsikia kwa masikio yake mawili. Alikuwa anaanika nguo, mara akasikia ng'ambo ya ukuta, "Dada, nisubiri," kisha wimbo ukaanza.

"Nikasema ndiyo hayo, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime," alisema. "Ila jamani, yule mtoto amemwambia dada yake nisubiri mara ishirini. Ishirini, nimehesabu! Huyo dada ana haraka ya kwenda wapi?"

Watu walicheka. Jina la Antena hakulipata bure. Kilichopita hewani alikidaka. Ila siku hiyo alidaka nusu. Pili hakuwa amerudi. Aliyesema ni Kasuku.

Na Kasuku hakuwa ndege. Alikuwa kikasha cha chuma, kikubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, chenye kitufe kimoja cha kukanyaga. Ukikanyaga, ananasa sauti. Ukikanyaga tena, anairudia bila kuchoka, nawe unaimba juu yake. Kanyaga mara mbili haraka, ananyamaza. Kanyaga ushikilie, anafuta kila kitu, na kilichofutwa ndiyo basi tena.

Pili na dada yake walikuwa mafundi cherehani wa kibanda kimoja. Jumamosi mchana waliimba mkahawani, mkubwa na gitaa lake akiimba sauti ya kwanza, mdogo ya pili. Watu wakawaita Kwanza na Pili, majina ya kuzaliwa yakabaki kwenye vyeti.

"Hata darasani ningekuwa wa kwanza, wangeniita Pili," mdogo alizoea kutania.

Kwanza alicheka kila mara. Hakujiuliza kama utani ule una mfupa ndani.

Walipoalikwa kuimba kwenye ukumbi mkubwa, fundi mitambo wa pale alimtazama Kasuku kama mtu anayetazama kiatu kilichotoboka.

"Hicho kisabuni kitawaaibisha," alisema, akafungua kompyuta yake. Humo kila sauti ilikaa kwenye mstari wake, yenye rangi yake. Ukikosea moja, unafuta hiyo tu, nyingine huzigusi. Nyimbo zote zinahifadhiwa. Mtu akikohoa mwanzoni, unakata.

"Na ikiganda?" aliuliza Pili.

"Haigandi."

"Mume wa shangazi naye alisema haondoki."

Walicheka, lakini njiani Pili hakucheka tena. "Dada, Kasuku tunamfuta kila tukimaliza. Kila siku anaamka mtupu, anatungoja tuje. Hiyo kompyuta ikishaninasa, itanihitaji kwa lipi?"

"Wivu na mashine, mdogo wangu?"

Jioni hiyo, kibandani, walimjaribu Kasuku kwa mara ya mwisho. Mguu wa Kwanza ulikuwa mguu wa cherehani: kitambaa kikikaa tu chini ya sindano, unyayo umeshakanyaga. Siku hiyo pia alikanyaga mapema. Pili alikuwa bado anameza mate. Kasuku akanasa "Dada, nisubiri," halafu ndipo wimbo. Na kila alipouzungusha, alianza na yale yale. Pili alicheka mpaka akakalia gunia la vipande vya nguo.

Kwanza hakucheka. Mbele ya watu mia tatu, je? Uzi unaoning'inia mteja hatakiwi kuuona. Alichomoa waya pale pale, akamtupa Kasuku kwenye droo ya nyuzi bila kumfuta, akasema, "Tunachukua kompyuta."

Wakarekodi upya kwa fundi mitambo, kila wimbo, kila sauti. "Kwa mazoezi tu," alisema Kwanza. Fundi akakata mianzo yote, ikawa safi kama pindo lililopigwa pasi.

Siku ya onyesho, mtoto wa Pili aliamka na homa. Zamu yao ilipokaribia, ujumbe uliingia kwenye simu ya Kwanza: *Dada, nisubiri. Niko foleni ya dawa, nakuja.*

"Sauti yake tunayo," alisema fundi mitambo. "Tuanze."

Kundi lililofuata lilikuwa limeshasimama kando, ngoma shingoni. Kubadilishana nao zamu kulihitaji mdomo tu. Kwanza hakuufungua. Alipanda jukwaani.

Sauti ya Pili ilitoka kwenye spika bila kasoro. Katika wimbo wa tatu, Kwanza alimwona mdogo wake mlangoni, viatu mkononi kwa kukimbia. Kiitikio kilipofika, Pili alifungua mdomo. Akaukuta wimbo umeshaimbwa. Akaufunga.

Na Kwanza alimaliza wimbo. Hilo ndilo lililomla baadaye kuliko yote: angeweza kusimamisha, naye akamaliza.

"Nimeimba vizuri leo, dada," Pili alimwambia nje. Kesho yake alikuja kibandani kuchukua mkasi wake na futi yake ya kupimia, akahamia upande wa pili wa mji.

Miezi mitano ikapita. Kwanza aliusikiliza ule muziki wa kompyuta mpaka akachoka. Sauti ilikuwemo, mtu hakuwemo. Hata pumzi zilikatwa. Ndipo siku moja, akitafuta uzi wa kijani, mkono wake ukamgusa Kasuku. Akamchomeka kwenye umeme, akakanyaga, akamwacha arudie.

"Dada, nisubiri."

Mama Antena alibisha hodi akitoka bombani, ndoo yake bado imejaa. "Mwite basi nimsalimie. Ama anajificha kwa sababu ana deni langu la maneno?"

Kwanza akanyoosha kidole sakafuni. Mama Antena akatazama kikasha, akainama akatazama na chini ya meza, halafu akakaa kitini taratibu.

"Ni hicho?"

"Ndicho, mama."

"Umemwomba arudi?"

"Anajua ninavyotaka arudi."

"Anajuaje? Mimi mwenyewe sikujua, na mimi najua kila kitu."

Kwanza alichukua simu. Akabonyeza alama ya kurekodi. Akamwita mdogo wake kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo ulimi ulikuwa umelisahau.

"Jumamosi naenda mkahawani na Kasuku, mtupu, kama zamani. Njoo tuimbe. Hata ukichelewa, sitaanza."

Akatuma. Alama zikawa mbili: ujumbe umefika. Mama Antena akasogeza kiti chake karibu na meza.

Kwanza akainua unyayo juu ya kitufe. Kumpeleka Kasuku mtupu ni kukanyaga na kushikilia, na ile "nisubiri" iende isirudi. Simu ilikuwa mezani, kioo chake cheusi, jibu bado.

Mguu wa cherehani ukabaki hewani, haukukanyaga.

"Dada, nisubiri," alisema Kasuku. Wakaitazama simu.