Uzi wa Tatu

Mama alinitangazia kustaafu kwake akiwa anakata vitunguu, kwa hiyo sikujua machozi ni ya nini.

"Nimemwambia Besi atafute mtu mwingine kuanzia Jumamosi," alisema. "Masikio yangu yamekwisha."

Besi ndiye kiongozi wa kikundi chao cha muziki, na jina lake jingine silijui mpaka leo. Kwa miaka thelathini na moja mama amekaa kuliani kwake jukwaani, gitaa la mbao limelala mapajani, mkono wa kushoto ukitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Mwaka huu kikundi kilipata mpiga kinanda mpya. Huyo kila mama akianza kupiga anakunja uso kama mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha. Hajasema neno, na hana haja ya kusema.

Mimi ni fundi wa cherehani. Mtu akiniletea cherehani na kuniambia imechoka, simwamini mpaka niifungue kwa mikono yangu. Nikalivuta gitaa la mama kutoka kwenye sanduku lake nikaanza kulichokonoa. Kwenye kichwa chake kuna mashine sita ndogo za kukazia nyuzi, tatu kila upande: kifundo cha kushika, gia mbili, na kijiti cha chuma ambacho uzi umejiviringisha. Mashine hizo zilinizidi umri. Meno ya gia yalikuwa yamelika kiasi kwamba nilizungusha kifundo robo nzima bila uzi kupata habari. Nikikaza, baada ya muda uzi ulilegea wenyewe.

"Mama, si masikio. Hizi mashine zinateleza. Tubadilishe."

"Ziache."

"Kwa nini niziache na zimekufa?"

Akaendelea na vitunguu vyake. Nilikuja kumwelewa nikiwa tayari niko njiani kwenda dukani, na nusura nigeuze. Mashine zikiwa mbovu, mama ana kitu cha kusingizia. Nikishaweka mpya, na bado akapiga ovyo, hatakuwa na pa kujificha, na mimi ndiye nitakuwa nimemtoa mafichoni. Lakini nina kichwa kigumu, tena nimekirithi kwake.

Muuza vipuri vya muziki alikuwa na mdomo wa kuuza mchanga jangwani. Alinitolea mashine za rangi ya dhahabu, nzito kama makufuli. Mimi nilikuwa na karatasi yangu. Kabla ya kutoka nyumbani niliilaza juu ya kichwa cha gitaa nikaisugua kwa penseli mpaka kila tundu likajichora, kama vile washonaji wanavyotoa ruwaza. Nikaiweka juu ya zile dhahabu zake, na hakuna tundu hata moja lililolingana.

"Utatoboa upya tu, dada," alisema.

"Nitoboe gitaa la mama yangu? Wewe hukuzaliwa na mtu?"

Akacheka, akaleta nyingine. Hizo zililingana, ila vifundo vyake vilikuwa vidogo kama punje za mahindi, na vidole vya mama siku hizi vinakataa kukunjika asubuhi. Za tatu zilikuwa tatu tatu kwenye bamba moja kama zile za zamani, na vifundo vyake vilikuwa vipana. Muuzaji alinieleza kwamba kifundo kinazunguka mara kumi na nane ndipo kijiti kizunguke mara moja. Alidhani nitalalamika kwamba ni polepole mno. Polepole ndiyo niliyokuwa naitafuta, maana mtu mwenye vidole vigumu anahitaji nafasi ya kukosea kidogo.

Nilizifunga mchana ule ule, mama akiwa kwenye kiti karibu na mlango, amejitia kusoma gazeti. Hapo ndipo ufundi wangu uliponiponza. Skrubu za cherehani zinaingia kwenye chuma, na nimezoea kuzikaza mpaka zitii. Hizi zilikuwa nyembamba na mbao ilikuwa kavu ya miaka mingi. Ya pili ikakatika kichwa.

"Umevunja nini?" mama aliuliza bila kuinua macho.

"Hakuna kitu."

"Hicho hakuna kitu kimelia sana."

Akainuka, akarudi na kipande cha sabuni. "Pakaza sabuni kwenye skrubu kwanza. Nani alikwambia mbao ni chuma?" Kumbe zile za zamani alizifunga mwenyewe. Nilitumia saa nzima kuchimbua kisiki cha skrubu, nikaziba tundu kwa gundi na kijiti cha kuchokolea meno, nikaendelea kwa adabu.

Nikaweka nyuzi mpya na kuzipanga kwa simu. Nina programu inayosikiliza sauti na kuwasha taa ya kijani uzi ukifika panapotakiwa; usipofika au ukipitiliza, inawaka nyekundu na kuhesabu mistari ya tofauti. Zote sita ziliwaka kijani. Nikamlazia mama gitaa mapajani.

Alitelezesha chuma chake mara moja tu, akaacha.

"Uzi wa tatu uko juu."

Niliangalia simu. Kijani. Nikaupiga tena uzi ule, kijani tena.

"Simu inasema uko sawa, mama," nilisema, na papo hapo nikatamani nimeze ulimi.

"Basi ndiyo hivyo," alisema. Akaanza kukunja kitambaa cha kufunikia gitaa. Nilijichukia. Nilikuwa nimemvua mama yangu kisingizio chake cha mwisho, tena kwa kiherehere.

"Usikunje," nilimwambia. "Ushushe mpaka utakapopenda wewe."

Alinikata jicho, lakini akashika kifundo. Alizungusha taratibu, mkono mwingine ukipiga nyuzi zote pamoja. Nami nikasikiliza kama ninavyosikiliza cherehani mbili zikienda kwa wakati mmoja karakanani. Mwanzoni sauti ilikuwa na wimbi ndani yake, inapanda na kushuka, wu-wu-wu. Wimbi likapunguza mwendo. Halafu likafa, na nyuzi sita zikawa sauti moja iliyotulia chumba kizima. Hata mimi nisiyejua kuimba nilisisimka mikono.

Simu iliwaka nyekundu: mistari kumi na minne chini ya kijani.

"Niruhusu nikupime," nilisema. Nikaulegeza uzi wa tatu kabisa. "Upange tena, usiangalie simu."

Akafumba macho na kuupanga. Mistari kumi na minne. Nikaulegeza tena, akaurudisha: kumi na minne. Mara ya tatu nilimwimbia wimbo wa ovyo sikioni ili nimpoteze, akanisukuma kwa kiwiko, akaupanga. Kumi na minne.

"Simu inapima vingine," alisema. "Hapo ndipo nyuzi zinapoelewana. Nimezipanga hapo tangu sijakuzaa."

"Mama, masikio yaliyokwisha hayarudi mahali pamoja mara tatu. Zile mashine za zamani zilikuwa zinakuibia. Ulikuwa unaupanga hapo, nao unateleza ukifika jukwaani."

Aliweka kiganja juu ya nyuzi kuzizuia zisilie.

"Mwaka mzima nalala nikijua naelekea kuwa kiziwi," alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenipeleka kwa daktari. Na daktari angesema ndiyo."

Nilimshika bega. Akaomba simu yangu, akabonyeza namba anayoijua kwa kichwa.

"Besi," alisema, "Jumamosi nipo. Na Jumamosi ijayo pia." Akasikiliza upande wa pili. "Hapana, sikuwa naumwa," alimjibu. "Nilikuwa naogopa."