Pikipiki Iliyovishwa Pete

Kila jioni, ili pikipiki iingie, kitanda kilisimamishwa ukutani. Sufuria zilipanda mezani, ndoo ya maji ikatolewa nje, na Nashipae akajibana kwenye kona na mtoto mgongoni, huku mumewe akiupindisha usukani kuingia mlangoni kama mtu anayemvuta ng'ombe mkaidi.

"Pole pole, Baba Nelson. Hiyo kioo itaenda na pazia."

"Pazia ikienda tutanunua ingine. Vuta hiyo stuli."

Kisilu aliigandamiza pikipiki kwenye ukuta wa mbali, karibu na jiko, kisha wakakilaza kitanda tena. Nafasi iliyobaki iliwatosha wao kupita kwa ubavu. Bomba la moshi lilikuwa bado la moto. Nelson alikuwa na alama ya kuungua kwenye goti, tangu siku alipojifunza kusimama kwa kulishika. Ugali wao ulikuwa na harufu ya petroli. Hata matiti yake, Nashipae alihisi, yalikuwa na harufu ya petroli.

Lakini nani angelalamika? Mlango wa tatu kwenye ploti hiyo hiyo aliishi Koinet, naye pia mtu wa boda. Koinet aliona taabu kuhamisha kitanda kila siku, akaifunga yake nje kwenye nguzo ya stima, mnyororo kwenye gurudumu la mbele. Asubuhi akakuta gurudumu la mbele tu. Lilikuwa limening'inia pale kwenye mnyororo, kufuli nzima, haina hata mkwaruzo, na yeye amesimama na ufunguo mkononi. Watu walikuja kuliangalia lile gurudumu kama wanaokuja matangani. Sasa Koinet alikuwa akibeba mizigo sokoni na hakuna aliyemtajia pikipiki.

Na hii ya kwao haikuwa pikipiki tu. Kiangazi kilipomaliza ng'ombe wa kina Nashipae huko Oltepesi, ilibaki mitamba miwili. Baba yake, mzee Sironka, aliiuza mwenyewe, akamwita Kisilu, mkwe asiye na hata mbuzi, akamwambia, "Nunua kitu inakula petroli. Hiyo haitangojea mvua." Unga, kodi, dawa ya kifua ya mtoto, vyote vilitoka kwenye kile kiti cheusi. Siku ambayo Kisilu hakuendesha, hawakula vizuri. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo.

Walikuwa bado wanakula Mureithi alipobisha. Mureithi ndiye aliyekuwa akiangalia ploti kwa niaba ya mwenye nyumba, na hakuwahi kungoja kukaribishwa.

"Mama Nelson, sopa," alimsalimu kwa Kimaasai. "Na hiyo mnyama yenu, bado inalala ndani?"

"Ikilala nje itaamka?" Kisilu akasema.

"Hiyo sijui. Lakini landlord amekataa. Nyumba moja huko nyuma imeungua jana, petroli na jiko. Kuanzia kesho, pikipiki zote nje."

"Na geti haina kufuli, Mureithi," Nashipae alisema. "Hata hiyo geti yenyewe ni mabati imeegeshwa tu. Mwizi akija?"

"Mwizi ni maneno ya polisi. Mimi kazi yangu ni moto."

"Si umwambie landlord aweke geti ya ukweli?"

"Nilimwambia. Akasema mkitaka geti, geti italipwa na kodi. Sasa nimwambie tena?"

Mureithi aliitazama pikipiki, akaitazama sahani, akapiga mluzi kidogo akaenda.

Kesho yake Kisilu aliipeleka pikipiki kwa Ondiek, fundi wa kuchomelea vyuma karibu na stage ya boda. Alikuwa amewaza usiku kucha. Gurudumu linafunguliwa kwa spana, kiti kinang'olewa, lakini fremu ni fremu. Mwizi anayetaka fremu lazima aichukue yote. Alitaka pete ya chuma kwenye fremu yenyewe, pale shingoni, chini ya usukani. Ondiek alisaga rangi mpaka chuma kikameta ndio moto ushike vizuri, cheche zikaruka hadi barabarani, kisha akaichomelea pete nene kama kidole gumba. Ilipopoa, akaigonga na nyundo.

"Hii?" Ondiek alisema. "Hii hata mimi mwenyewe nikitaka kuitoa, nitakuitisha pesa mingi."

Nashipae alipoiona alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Aliishika pete, akaivuta, akaning'inia kidogo. Sasa mnyororo ulitoka shingoni mwa pikipiki nje, ukapita chini ya mlango wa chuma, ukaja mpaka kwenye mguu wa kitanda. Pikipiki ikitikiswa, kitanda kinatikisika. Panya alipita, mnyororo ukalia, wakaamka wakakaa kitandani wote wawili. Mlevi alijisaidia ukutani, wakakaa. Malori ya mawe yalipoanza kushuka alfajiri, ardhi ikitetemeka, walikaa. Hata mchana, akifua nguo za watu kwenye estate, Nashipae alisikia chuma kikigusa chuma, na mikono yake ikasimama ndani ya povu.

Lakini pikipiki ilikuwepo kila asubuhi. Hilo lilitosha.

Wizi ulikuwa umezidi Kitengela nzima. Waendeshaji boda waliandamana, wakachoma tairi kwenye lami, wakaimba kwamba polisi wanalala. Kisilu aliimba nao mpaka sauti ikakauka. Polisi wakasikia. Wakatangaza msako wa pikipiki za wizi, wakaweka vizuizi, na siku ya pili ya msako wakamsimamisha Kisilu akiwa na abiria wa kwenda hospitali. Sajini mmoja mnene aliinama na kitambaa, akapangusa vumbi shingoni mwa pikipiki, akaangalia, akapangusa tena.

Nashipae alipofika kituoni, mtoto mgongoni na povu bado kwenye viwiko, alimkuta mumewe mbele ya kaunta amevaa helmeti. Hakuna aliyemwambia aivue.

"Namba ya chasisi iko wapi?" Sajini alikuwa akiuliza.

"Ni hapo tu, afande. Hapo chini ya pete."

"Naona herufi mbili, halafu naona pete. Hizo zingine zilisagwa. Nani alisaga?"

"Ni mimi nilipeleka kwa fundi. Sikujua namba iko hapo. Nilitaka pete ya kufungia mnyororo. Ni sababu ya wezi."

Sajini aliandika, akisoma kwa sauti, neno moja moja, kama mwalimu wa darasa la kwanza: "Anasema... ni yeye... alipeleka... namba... ikasagwa."

"Sijasema hivyo!"

"Ni wewe ulipeleka ama si wewe?"

"Ni mimi, lakini..."

"Basi. 'Lakini' utaambia jaji."

Nashipae alitoa logbook kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka juu ya kaunta kwa mikono miwili. "Afande, tafadhali. Jina ni lake. Namba ya injini imeandikwa hapa, na iko kwa injini. Angalia tu, utaona ziko sawa."

Sajini hakuigusa. "Injini inabadilishwa, mama. Na mwizi wa siku hizi ako na makaratasi kuliko hata sisi. Nani anavalisha pikipiki pete kwa shingo? Ni mbuzi?"

Askari waliokuwa nyuma yake wakacheka. Msichana mmoja mwenye sare mpya, waliyemwita Jane, hakucheka. Alikuwa akimwangalia mtoto.

Kisilu walimlaza ndani, wakamwachilia asubuhi. Pikipiki walibaki nayo. Ingekaa pale, walisema, mpaka mtaalamu aje kutoka Nairobi na dawa ya kusoma namba zilizosagwa. Mtaalamu angekuja lini? Angekuja akija.

Uwanja wa nyuma ya kituo ulizungushiwa waya. Ndani mlikuwa na pikipiki nyingi, zimeegemeana kama watu wanaongojea daktari, na nyasi zilikuwa zimeota kupitia magurudumu ya zile za zamani. Ya kwao ilikuwa mwisho, karibu na waya. Nashipae aliweza kuigusa akipenyeza vidole.

Kisilu alienda kuvunja mawe machimboni. Alirudi jioni na vumbi jeupe kwenye kope, mikono haiwezi kushika kijiko. Chumbani kulikuwa na nafasi tangu pikipiki ihamie nje, kitanda hakikuhamishwa, na bado walipita kwa ubavu. Usiku Nashipae aliamka akanyoosha mguu kutafuta mnyororo.

Kila siku akienda kufua alipita kituoni. Kwanza vioo vilitoweka. Kisha kile kiti cheusi.

"Afande, kiti imeenda wapi?"

"Kiti gani?"

"Ya pikipiki yetu. Jana ilikuwa. Mtu ameiba."

Sajini alikuwa akinywa chai. Aliweka kikombe chini taratibu. "Ati mtu ameiba. Hapa. Kituo cha polisi. Mama, hebu rudia hiyo neno tena, nikuandikie statement vizuri."

Nashipae alikaza leso ya mtoto mgongoni.

"Sikia nikuambie kama dada yangu," Sajini alisema, sauti ikalainika. "Huyo mtaalamu ni mtu, na anakuja na gari. Gari inataka kusukumwa. Wewe si msichana wa Kimaasai? Nyumbani kwenu ng'ombe inaweza kosekana? Moja tu hivi, mdogo, na hii maneno yote inaisha."

"Zilikuwa mbili, afande. Ndizo hizo mmefungia hapo nyuma."

Sajini alicheka. "Uko na mdomo. Endelea tu."

Siku iliyofuata alimkuta mwanamume ndani ya waya, hana sare, ana mikono ya oili. Alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki yao akifungua kabureta bila haraka.

"Wee! Hiyo ni yetu!"

Yule mtu aligeuka. Alikuwa na uso wa upole. "Mama, mimi nimetumwa. Uliza afande. Pikipiki yake imekataa kuwaka." Akaifunga kabureta ndani ya gazeti, akaitia mfukoni, akaokota spana zake.

Nashipae hakuenda kwenye estate siku hiyo. Alikaa kwenye jiwe ng'ambo ya barabara, akamnyonyesha Nelson, akaihesabu pikipiki. Kabureta ya mtumba Kisilu angeweza kupata. Kiti, Ondiek angewatengenezea cha mbao kwanza. Mpaka hapo bado ilikuwa pikipiki. Lakini betri ilikuwa mpya, na ikienda betri, kesho ni magurudumu, na mtaalamu akija atakuta shingo na pete. Alijiambia kwamba mtaalamu angekuja. Namba zingetokea moja moja, na siku hiyo lazima kitu kiwe kimebaki cha kurudisha nyumbani.

Hakumwambia Kisilu. Kesho yake alichukua spana kwenye kopo chini ya kitanda, na saa ya chakula cha mchana, askari wengi wakiwa kibandani wakila githeri, akaingia kupitia pale waya ulipolegea. Nelson alikuwa macho mgongoni, akimvuta nywele. Mikono yake, iliyozoea kukamua nguo, ilijua kugeuza. Nati mbili, nyaya mbili. Betri ikatoka. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Akaifunga kwenye leso tumboni, akatoka polepole kupitia getini kama mtu aliyekuja kuuliza jambo.

"Mama Nelson." Alikuwa Jane, anarudi na soda mkononi. "Umekula? Umebeba nini hapo?"

"Ni mtoto."

"Mtoto ako nyuma. Na huyu wa mbele?"

Leso ililegea. Jane alitazama betri, akatazama huku na huku, na pengine, kama wangekuwa peke yao, angeendelea na safari yake. Lakini Sajini alikuwa amesimama mlangoni akichokoa meno.

"Mungu wangu," Sajini alisema. "Mama, naomba msamaha. Ulisema hapa kuna mwizi, mimi nikabisha."

"Ni yetu! Afande, ni betri yetu, ni pikipiki yetu!"

"Ya nani, mtaalamu ndio atasema. Kwa sasa hiyo ni exhibit ya serikali."

Walimwingiza ndani. Sajini aliandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Aliandika betri. Akaandika vioo, akaandika kiti, akaandika kabureta. Kisha akafikiri kidogo na kuuliza chumba kizima kama kuna kitu kingine kinachokosekana huko nyuma, kwa pikipiki yoyote. Mmoja akasema taa. Mwingine akasema matairi mawili ya ile nyekundu. Akaandika.

"Hiyo kabureta iko na wewe!" Nashipae alipiga kelele. "Fundi wako aliibeba kwa gazeti, nilimwona kwa macho yangu!"

"Jane, chukua alama za vidole."

Jane alifungua kibao cha wino, akaushika mkono wa Nashipae. Vidole vya Jane vilikuwa baridi kwa sababu ya soda. "Legeza, mama," alinong'ona. "Ukikaza haitoki vizuri." Kidole gumba. Cha pili. Nelson alikuwa ameteremshwa, amekalishwa juu ya kaunta kwa kuwa hakuna mtu mwingine wa kumshika. Aliona kitu cheusi kinachometa. Akakipiga kwa kiganja, akacheka, akapiga tena, kisha akaubandika mkono wake kwenye karatasi, vidole vitano vidogo, chini kabisa, mahali pa mshtakiwa kutia sahihi.

Jane alishtuka, akanyoosha mkono kuchana karatasi.

"Wacha," Sajini alisema. "Wacha ikae hivyo. Si huyo pia alikuwa?"

Wakacheka. Nashipae alimvuta mtoto kifuani, akatema mate kwenye pembe ya leso, akaanza kumsugua vile vidole kimoja kimoja. Wino haukutoka. Ulikuwa unaenea kwenye kiganja, kwenye kifundo cha mkono, na mtoto, akidhani ni mchezo, alimletea mkono ule mwingine.