Macho Makubwa ya Nermin

Bi Perihan alikuwa amesukumia stuli zote ukutani na kulikunja zulia kabla ya adhuhuri, mtu asijikwae. Saa tisa Sedat angekuja na wazazi wake kumposa Nermin, na wazazi hao hawakujua kuwa Nermin haoni ila mwanga na vivuli. Sedat alijua. Bi Perihan ndiye aliyemsihi afunge mdomo mpaka posa ikubaliwe.

"Kahawa nitabeba mimi," alisema jikoni.

"Tangu lini kahawa ya posa ikaletwa na mama?" Nermin alimjibu. "Watadhani wewe ndiye unayeolewa."

Utotoni Nermin alikuwa na macho makubwa ya ajabu, na hakuna jirani aliyepita bila kuyasifu. Bi Perihan, kwa kuogopa kijicho, alimshonea ushanga wa buluu wa kinga kwenye bega la nguo na kutembea naye kifua mbele. Mtoto alipotimiza miaka mitatu ndipo daktari mmoja mjini Sivas alipomwambia kuwa ukubwa ule ulikuwa presha ya macho, na kwamba wamechelewa. Miaka ishirini na minne ilikuwa imepita, na Bi Perihan alikuwa bado hajajisamehe kosa lile. Hakutaka binti yake alilipie mara ya pili.

Nermin mwenyewe wala hakuwa na habari ya kuonewa huruma. Alikuwa akipokea simu za hospitali ya mji, na mtu akipiga mara moja tu, kesho yake akipiga tena humjua kwa sauti na kumwita kwa jina. Sedat, fundi wa mashine za eksirei, alinaswa hivyo hivyo, kwa kupiga kila siku kuulizia namba aliyokwisha kuiandika.

Wageni walipokaa, Nermin aliinamia kibirika cha shaba akisikiliza. Kahawa ikitaka kufura, mlio wake hushuka. Aliiwahi, akagawa povu kwa kijiko katika vikombe vinne, akajaza taratibu kidole kikiwa ukingoni, akabeba trei. Bi Perihan alibana pumzi kuanzia mlangoni hadi kwenye kochi. Halikumwagika hata tone.

"Mashallah!" Bi Meliha, mama yake Sedat, alisema akipokea kikombe. "Binti ana macho huyu! Makubwa, utadhani yamechorwa."

Bi Perihan aliyatambua: ni maneno yale yale ya majirani.

"Ahsante, Mama," Nermin alisema. "Lakini ukubwa huo ni ugonjwa. Nimeupata tangu uchanga. Wewe hapo nakuona kivuli tu, na sitaki mnipose kabla hamjalijua hilo."

Bi Meliha alimgeukia mwanawe.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Ukanileta hapa kama gunia?"

"Usimgombeze," Bi Perihan alisema. "Mimi ndiye niliyemziba mdomo. Niliogopa mtamkataa. Aibu ni yangu, si ya mtoto."

Bi Meliha alikitazama kikombe chake: povu zima, kisahani kikavu. Akachungulia na cha mumewe.

"Aliyepika kahawa hii nani?"

"Mimi," alisema Nermin.

"Mimi naona mpaka sindano, na siku ya posa yangu nilimmwagia baba mkwe mapajani." Akampiga mumewe kiwiko. "Remzi, unangoja nini? Omba!"

Mzee Remzi alikohoa, akamwomba binti kwa amri ya Mungu na neno la Mtume, kama ilivyo desturi. Bi Perihan akasema amempa. Alisema kwa machozi, wala hakuyafuta.

Ikabaki kahawa ya Sedat, ambayo mchumba huitia chumvi, na mwanamume huinywa yote bila kukunja uso ili ajulikane kuwa ana uvumilivu. Sedat alikigugumia kikombe.

"Hata kope halikutikisika!" Bi Meliha alitangaza kwa fahari. "Simba mwanangu!"

"Muongo huyo, Nermin," alisema Sedat, akikohoa. "Nimekunja uso mpaka masikio yamesogea. Nakwambia mwenyewe, kwa kuwa huoni."

"Najua," Nermin alisema. "Nilitia vijiko vitatu."