Kilio cha Maseko Kabla ya Kombe

Wanakimbia kumi na mmoja, inahema nchi nzima. Haya, mjukuu wangu, ni nini? Usikimbilie kunipa mji, fikiri kwanza.

Ni timu ya taifa letu, Zambia. Na hapa Luanshya hakuna aliyehema kwa ajili yake kuliko mume wangu, Baba Chola, mchimba shaba mstaafu. Kombe la Afrika likikaribia, wanaume wa mtaa walikuja na viti vyao uani kwetu kumsikiliza akizipima timu.

"Morocco wana mabeki wasiolala," alikuwa akisema. "Senegal wana mbio na wana subira, na hivyo viwili ni nadra kulala nyumba moja. Naijeria wana washambuliaji wa kugawia majirani, ila nyuma wameacha mlango wazi. Misri hata wakicheza vibaya wanajua kushinda."

"Na sisi, mzee?"

"Sisi tutafungasha mapema."

Walinuna, wakaondoka, kesho yake wakarudi. Walijua hapendelei mtu.

Mwaka ninaousema, uvimbe ulikuwa umemkaa tumboni. Daktari wa Ndola alitaka kumpasua Alhamisi, na Kombe lilikuwa linaanza Jumamosi. Hakutuficha: mzee kama huyu anaweza kupona, na anaweza asiamke. Lakini tukingoja mashindano yaishe, alisema, hapatakuwa tena na haja ya kupasua.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza, "Utakwenda?"

Akanijibu, "Kipa wetu hatoki kudaka mipira ya juu. Krosi zitatumaliza."

Nikamuuliza tena mezani, mbele ya ugali na dagaa wa kapenta ambavyo hakuvigusa. Akasema kundi letu ni gumu. Watoto walipiga simu, akawaeleza habari za Senegal. Mchungaji alikuja kumwombea, akaondoka anawajua mabeki wote wa Morocco. Nami nilielewa. Aliogopa kufia kwenye kitanda cha watu kabla mpira haujapigwa. Alitaka afie kwake, redio ikiwa sikioni. Lakini mimi nilimtaka hai, na kumlazimisha sikuweza.

Jumanne akaja Maseko, Mngoni, mtani wetu. Unajua sisi Wabemba na Wangoni tulivyopigana zamani, hata tukabakiwa na matusi matupu: sisi wala nyani, wao wala panya. Akifa Mbemba, Mngoni ndiye wa kulala njiani kuzuia jeneza, ndiye wa kumwigiza marehemu hadi wafiwa wacheke na machozi yao.

Hakubisha hodi. Alijitupa kizingitini, akapiga yowe.

"Yooo! Mla nyani kafa! Kafa na ubishi wake!"

"We mla panya, umelewa?" Baba Chola akafoka kutoka kitini. "Mimi niko hai!"

"Kimya! Tangu lini maiti akajibu?" Maseko akainuka, akamvua kofia, akaivaa, akakunja mgongo na kushika tumbo vilevile. "'Sisi tutafungasha mapema!' Kweli bwana, umefungasha. Hata jezi hawajavaa! Shemeji, lete maji, mfiwa gani huyu asiyejali watu? Koo langu limekauka kwa kumlilia mumeo."

Majirani walikuwa wamesogea kwenye ua. Hakuna aliyecheka.

Ningeweza kumfukuza. Badala yake nilifungua kitambaa kichwani, nikakaa chini sakafuni, miguu nimenyoosha, mgongo ukutani. Kwetu mwanamke hakai hivyo mumewe akiwa hai. Nilidhani namsaidia Maseko mchezo wake, lakini nilipoigusa ile sakafu ya baridi machozi yalikuja yenyewe, na hayakuwa ya mchezo.

Baba Chola akaniona.

"Mama Chola, inuka hapo. Unanichuria."

"Nazoea," nikamwambia.

Maseko naye akaacha kulia. Akaketi karibu yangu, kofia ya watu mkononi, sauti imeshuka.

"Mtani, mwaka ule wa fainali ya Libreville ulitupa nafasi gani?"

Mume wangu akaitazama kofia yake.

"Ulisema Ivory Coast watatumeza bila kutafuna. Ukaenda kulala. Penalti tukazisikiliza sisi, wewe unakoroma, mpaka tukatwaa Kombe na mtaa mzima ukalipuka kwa vifijo."

"Nilikosea."

"Ulikosea. Sisemi utapona, mimi si daktari, mimi mla panya. Nasema usiende kulala kabla ya penalti."

Baba Chola akaanza kucheka, kicheko kikamchoma tumbo, akajikunja. Nilitaka kuinuka nimshike, akanizuia kwa mkono. Akapumua kidogo kidogo. Majirani walianza kuondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu watokao kanisani.

"Mama Chola," akasema, "uliniuliza kitu."

"Nilikuuliza."

"Usiniahidi ushindi."

"Sikuahidi."

"Basi nitakwenda."